Daftari la Jela, Nani Alilete Kortini?

Kila baada ya muda hupita habari fupi gazetini, au huzungushwa kwenye simu za watu: mfungwa aliwashtaki maafisa wa jela, korti imeitupa kesi yake. Aya tatu, nne, basi. Hapa Lamu, kwenye baraza za Mkunguni, mjadala wake huisha kabla kahawa haijapoa. Mmoja atasema wafungwa hawa ni kula kulala, kazi yao kuandika kesi. Mwingine atasema mnyonge akashinda serikali, hayo aliyasikia wapi? Wanabishana, lakini bila kujua wamekwisha kukubaliana jambo moja: kwamba korti imempima mfungwa ikamwona mrongo.

Mara nyingi korti haijasema hivyo hata kidogo. Imesema karatasi hazikutosha. Basi tuulize karatasi zinazotosha alikuwa nazo nani, zilikuwa kabati gani, na kwa nini hakuna aliyeamrishwa kuzitoa.

Kesi za namna hii hufa kwa njia mbalimbali. Kuna inayofutwa kabla ya kusikizwa, kwa kuwa imechelewa, imepelekwa korti isiyo yake, au mfungwa hakulalamika kwanza kwa wakubwa wa jela. Kuna inayoamuliwa kwa karatasi tupu: hati ya kiapo ya mfungwa upande huu, ya afisa msimamizi upande ule, na jaji akasema madai hayakuthibitishwa. Halafu kuna ile ambayo mashahidi walisimama wakahojiwa, daktari akaeleza alichokiona, madaftari yakafunguliwa, na baada ya yote hayo mfungwa akashindwa. Hiyo ya mwisho sina ugomvi nayo. Kashindwa, kashindwa. Ugomvi wangu ni na ile inayoamuliwa kwa karatasi, kwa sababu ikifika mtaani hupokewa kama kwamba imesikizwa mpaka mwisho.

Mama mmoja wa Langoni alipata kunijia na bahasha iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kijana wake alikuwa amefungwa jela moja ya bara, akawashtaki maafisa kwamba walimpiga wakati wa upekuzi. Uamuzi ulikuwa wa kurasa chache, kwa Kiingereza.

"Mwanangu, hebu nisomee. Hapa mwisho pamesemaje?"

Nikamwambia ombi limetupwa, na kila upande utabeba gharama zake.

"Kwani jaji asema kijana wangu ni mrongo?"

"La, mama. Asema hakuleta ushahidi."

Akaikunja bahasha yake akairudisha mfukoni. "Angeuleta na nani, naye yuko ndani?"

Nimesoma maoni ya mawakili wengi kuhusu kesi za wafungwa, na bado sijaona aliyelijibu swali la mama huyu.

Tulifuate ombi la aina hiyo tangu linapoanza. Tuchukue mfungwa yeyote, wa jela yoyote ya mkoa huu. Amepigwa, au anasema amepigwa. Jambo la kwanza analohitaji ni fulskapu na kalamu. La pili ni mtu wa kumwandikia, kwa kuwa lugha ya Mahakama Kuu kisheria ni Kiingereza, na yeye labda ni Mbajuni wa Ndau aliyeishia darasa la nne. Humo ndani wapo wafungwa waliofunzwa usaidizi wa kisheria, na hao ndio huokoa jahazi. Huandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima, mistari imenyooka, vifungu vya Katiba vimepangwa kwa namba kama vilivyokaririwa. Ukiliona ombi la mkono wa mfungwa utaligundua hata bila kusoma jina. Chini kabisa pana alama ya dole gumba, na kando yake muhuri wa afisa msimamizi.

Muhuri huo ndio unaonishughulisha. Ombi la kumshtaki afande hupita mezani kwa afande. Ofisi ya kumbukumbu ya jela hulipokea, hulipiga muhuri, hulipeleka. Tangu Machi 2024, Idara ya Mahakama ilipopanua usajili wa kesi kwa mtandao nchi nzima, kusajili kunataka akaunti, barua pepe na namba ya simu, na mfungwa hana hata moja kati ya hizo kwa mujibu wa kanuni. Kwa hiyo atasajiliwa na mtu. Mtu huyo akiwa ni askari, basi mdaiwa ndiye karani wa mdai.

Sisemi kila afisa hulikalia ombi. Wengi huyapeleka, tena kwa moyo mzuri, na rufaa za wafungwa wa Pwani zimefika mbali. Mahakama ya Rufaa inayoketi Malindi ndiyo iliyotikisa nchi Julai 2023 iliposema kifungo cha maisha kisicho na kikomo ni kinyume cha Katiba, ikampa mrufani miaka 40 badala yake. Mahakama ya Juu iliubatilisha uamuzi huo Aprili 2025, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba majaji wa Malindi ni waoga mbele ya haki za wafungwa. Tofauti ni kwamba rufaa ya kifungo haimgusi mtu wa jela. Afisa hapotezi kitu ukipunguziwa miaka. Ombi la kusema afande fulani alinivunja mkono ni jambo jingine.

Sasa tufike kwenye ushahidi wenyewe. Aliyepigwa mtaani huenda kituo cha polisi, hupewa fomu ya P3, huipeleka kwa daktari wa serikali ikajazwa. Mfungwa hawezi kwenda kituoni. Akiomba, anamwomba nani? Jela ya Lamu iko Hindi, huko bara. Hospitali kubwa ya kaunti, King Fahd, iko huku kisiwani. Kumfikisha kunataka gari, askari wa kumsindikiza, na boti kutoka Mokowe, gati la upande wa bara. Hata mahali ambapo nia njema ipo, siku hupita, uvimbe hushuka, na jeraha likipona limeondoka na kesi yake. Kinachobaki ni maandishi ya zahanati ya jela, na aliyeyaandika ni mwajiriwa wa jela.

Mashahidi? Walioona ni wafungwa wenzake, na usiku wa leo watalala chini ya ulinzi wa watu walewale wanaotakiwa kuwatolea ushahidi. Tena wanaweza kuhamishwa, mmoja jela ya Shimo la Tewa, mwingine ya Manyani, bila ubaya wowote, kwa sababu za nafasi tu. Mahali penye kamera, picha ziko ofisini kwa msimamizi.

Kisha inakuja siku ya kesi. Tangu wakati wa korona korti zetu huwasikiza wafungwa kwa video, na kwa mfungwa wa Hindi ni nafuu kubwa, maana Mahakama Kuu iliyo karibu naye ni ile ya Garsen, na barabara ya Garsen sote twaijua: vizuizi, misafara, na siku ambazo hapapitiki. Lakini tazama kinachoonekana kwenye skrini. Mfungwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ukuta nyuma yake umepakwa rangi nusu, na pembeni ya picha pana bega la sare. Sauti inakatikakatika. Jaji anamwuliza kama ana la kuongeza juu ya alichoandika kuhusu askari. Mfungwa anageuza macho kidogo kuelekea pale begani, kisha anasema, "Sina, mheshimiwa. Nategemea maandishi yangu." Korti inaandika kwamba mlalamikaji ametegemea maandishi yake.

Katiba ya 2010 iliyaona haya mapema kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 51 kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kabisa kwenda pamoja na kufungwa. Kifungu cha 25 kinaweka uhuru wa kutoteswa miongoni mwa haki chache ambazo hakuna sheria wala dharura inayoweza kuzipunguza. Na kifungu cha 22 kikaagiza kanuni za kuzidai haki hizo ziwe nyepesi: kusiwe na ada ya kufungua ombi, korti ipokee hata karatasi zisizo rasmi, na isizuiwe bila sababu na ufundi wa utaratibu. Kanuni zenyewe zilitoka 2013, watu wa sheria huziita Kanuni za Mutunga kwa jina la Jaji Mkuu wa wakati huo, nazo huruhusu barua ya kawaida, hata ombi la mdomo ambalo korti yenyewe italiweka kwenye maandishi. Mlango wa kuingilia umefunguliwa hasa. Kinachokwama ni cha ndani ya chumba.

Kuna kinaya hapa ambacho mawakili hawakitaji sana. Kanuni inayotumiwa zaidi kuangusha maombi ya Katiba nchini ni ile ya kesi ya Anarita Karimi Njeru ya mwaka 1979: anayedai haki yake imevunjwa aeleze kwa usahihi wa kiasi analolalamikia, kifungu kilichovunjwa, na namna kilivyovunjwa. Anarita mwenyewe alikuwa mtu aliyehukumiwa, rufaa yake ikagonga mwamba, naye akawa anatafuta mlango mwingine. Kanuni iliyozaliwa katika kesi ya mtu wa namna yake ndiyo leo anayopimwa nayo kila mfungwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Mumo Matemu, ililegeza kidogo ikasema usahihi si ukamilifu. Maneno mazuri. Lakini mfungwa asiyejua jina la afande aliyempiga, kwa kuwa hakuwa na kitambulisho kifuani siku hiyo, bado huambiwa madai yake ni ya jumla mno. Jina hilo limo kwenye ratiba ya zamu. Ratiba ya zamu iko jela.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo langu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 107, husema anayedai ndiye athibitishe. Kila mtu anakijua, hata barazani. Kifungu hiki ndicho hutajwa katika aya ya mwisho ya maamuzi mengi. Lakini hatua chache mbele, sheria ileile, kifungu cha 112, inasema kwamba katika kesi za madai, jambo likiwa liko hasa katika ujuzi wa upande mmoja, ni juu ya upande huo kulithibitisha au kulikanusha. Kipo, hakijafutwa, kimeandikwa kwa lugha nyepesi. Nani alikuwa zamu bloku fulani Jumanne asubuhi? Nani aliingia zahanati jioni ile, na muuguzi aliandika nini? Kuna mtu aliyewekwa chumba cha peke yake, kwa siku ngapi, kwa amri ya nani? Ikiwa mambo hayo hayamo hasa katika ujuzi wa jela, basi sijui kifungu cha 112 kiliandikiwa nani.

Linalofanyika mara nyingi ni kwamba upande wa serikali hujibu kwa hati moja ya kiapo. Afisa msimamizi anaapa kwamba mlalamikaji hakupigwa, ametibiwa ipasavyo, na madai yake ni ya kulipiza kisasi baada ya kukutwa na simu. Yote hayo huenda ni kweli. Lakini daftari halikuambatishwa. Jaji anabaki na neno la huyu na neno la yule, mizani imelala sawa, na mizani ikilala sawa kifungu cha 107 humwangusha anayedai. Kwa hiyo mwenye daftari anashinda kwa kutolileta. Angelileta, pengine lingemsaidia, pengine lingemuumbua. Kwa kukaa kimya ameepuka yote mawili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wazee. Na haki ya kwanza ya huyu mnyonge ni kitabu kifunguliwe kabla hajanyongwa.

Wamarekani wamelipitia hili kwa muda mrefu na kwa makosa mengi. Wafungwa wao hushtaki kwa wingi, na mwaka 1996 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwazuia: mfungwa lazima amalize kwanza ngazi zote za malalamiko ndani ya jela, kwa fomu zao na kwa siku zao, ndipo asogee kortini, na ada ya kufungua kesi hukatwa kidogokidogo katika akaunti yake hata akiwa fukara. Kesi nyingi hufia hapo, si kwa kuwa hazina ukweli, ila fomu ilichelewa. Mwaka 2025 ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani kesi kutoka Michigan ya mfungwa aliyesema kwamba afisa aliyekuwa akimdhalilisha kijinsia ndiye huyohuyo aliyekuwa akizichana fomu zake za malalamiko. Korti ya chini ilikuwa imeitupa kesi kwa kuwa hakumaliza ngazi za malalamiko. Hebu fikiri. Majaji wakagawanyika 5 kwa 4, na walio wengi wakasema pale ambapo suala la fomu limeshikana na kiini cha madai, mfungwa ana haki lisikizwe na baraza la raia, wale watu wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi (jury). Wanne hawakuona hivyo.

Lakini wana jambo jingine, la tangu 1988, ambalo ningependa tuliazime bila aibu. Katika kesi ya Houston v. Lack mahakama ile ilisema rufaa ya mfungwa asiye na wakili huhesabiwa imesajiliwa siku aliyoikabidhi kwa maafisa wa jela, si siku ilipofika kwa karani wa korti, kwa sababu toka hapo haimo tena mikononi mwake. Kwetu, anayeishtaki serikali kwa madhara kama ya kupigwa ana miezi 12 tu. Sheria ya ukomo, ya muda wa kufungua kesi, inamtambua mtoto na mwenye akili isiyo timamu kuwa hawawezi kujisimamia, mfungwa hayumo. Maombi ya Katiba hayana ukomo wa namna hiyo, na ndiyo maana mwaka 2010 Mahakama Kuu iliweza kuwafidia walioteswa na serikali katika jumba la Nyayo House, Nairobi, zaidi ya miaka 20 nyuma. Wale lakini walikuwa wametoka, wana mawakili, na nchi nzima ilikuwa inawajua. Mwizi wa ng'ombe kutoka Witu hana wa kumngojea miaka 20.

Na nisije nikaonekana natetea kila karatasi yenye dole gumba. Huko Texas, mfungwa aliyeangukiwa na robota la pamba alishtaki kwamba hakutibiwa ipasavyo. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitumia ombi lake la mkono kuweka kanuni kubwa: kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni ukatili unaokatazwa na Katiba yao, na karatasi ya mfungwa isipimwe kwa kipimo cha wakili. Kisha ikamwambia yeye mwenyewe ameshindwa dhidi ya daktari, kwa kuwa maelezo yake mwenyewe yalionyesha alionwa na wahudumu wa afya mara 17 katika miezi 3. Alishindwa kwa mambo yaliyojulikana. Hivyo ndivyo kesi ya mfungwa inavyostahili kutupwa, ikistahili.

Zinazostahili zipo nyingi. Baada ya kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, iliyoondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, korti zilifurika maombi ya kupunguziwa vifungo, mengine ya watu ambao uamuzi ule haukuwahusu kamwe, mpaka Mahakama ya Juu ikalazimika kufafanua Julai 2021 kwamba ulihusu mauaji tu. Jaji aliyepitisha miaka hiyo akisoma fulskapu moja baada ya nyingine, vifungu vilevile, makosa yaleyale ya kunakili, anachoka. Ombi la kipigo likiingia katikati ya rundo hilo, ni rahisi kuliona kama nduguye. Kuna pia wafungwa wanaomwandikia ubaya afande aliyewanyang'anya simu au bangi, na askari jela wanaolipwa kidogo, wanaolala kwenye nyumba za mabati karibu na ukuta uleule, wanaotishwa na watu wenye damu mikononi. Askari aliyesingiziwa naye anahitaji daftari. Huenda analihitaji kuliko mfungwa, kwa sababu kesi iliyotupwa kwa ukosefu wa ushahidi haimsafishi. Humwacha na fununu mpaka astaafu.

Yupo anayedhani tatizo hili ni la nadharia. Septemba 2000, katika jela ya King'ong'o, Nyeri, wafungwa sita waliohukumiwa kifo walikufa. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba walikuwa wakitoroka. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kipigo, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ikawatia hatiani askari jela kwa mauaji. Ushahidi ule ulipatikana kwa nini? Kwa sababu maiti hutoka nje ya lango. Hulazwa kwenye meza ya daktari asiye mwajiriwa wa jela. Mfungwa aliye hai, mwenye mbavu mbili zilizovunjika, hatoki.

Sisi wa Lamu tuna namna yetu ya kulielewa hili. Ngome yetu, ile iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na leo watalii wanapigia picha, ilikuwa jela toka 1910 hadi 1984. Sikusudii kuisifu, kuta za matumbawe zinavuta unyevu, na ng'ambo ya pili, Manda, wakoloni walifungia watu wa Mau Mau mbali na kila jicho kwa sababu wanazozijua wao. Lakini Ngome iko ubavuni mwa soko. Jela ikiwa katikati ya mji, mwenye kuuza samaki anajua nani kaingia na nani kapelekwa hospitali. Jela ilipotoka mjini, macho hayo hayakuhamia nayo. Hindi si Siberia, ni mwendo mfupi toka Mokowe, lakini hakuna anayepita pale akielekea sokoni.

Kinachotakiwa si sheria mpya. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 ipo, ya Kuzuia Mateso ya 2017 ipo, ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ipo, na Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinasema malalamiko ya mfungwa yafike kwa mahakama bila kuhaririwa. Tumeshiba sheria. Jaji anayeketi Garsen au Malindi anaweza, siku ya kwanza kabisa ombi linapotajwa mbele yake, kuamuru jela ilete ndani ya siku 14 nakala zilizothibitishwa za daftari la matukio, daftari la zahanati, daftari la adhabu na ratiba ya zamu ya wiki husika. Amri ya aya moja. Wasipozileta, waeleze kwa kiapo zimekwenda wapi. Wasipoeleza, kifungu cha 112 kifanye kazi yake. Mfungwa atazamwe na daktari wa hospitali ya kaunti kabla jeraha halijapona. Siku ya video, askari akae nje ya mlango, na karani wa korti athibitishe hivyo kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo, kesi ikitupwa, itupwe.

Najua jibu litakalokuja: majaji wana kazi nyingi, hawawezi kuwa wapelelezi wa wadai. Kuagiza daftari si upelelezi. Na mtu anayeona kazi hiyo ni kubwa akumbuke kwamba si lazima isubiri kesi. Sheria ya Magereza, sura ya 90, inamfanya kila hakimu kuwa mkaguzi wa jela zilizo katika eneo lake. Anaweza kuingia wakati wowote, kumwona kila mfungwa, kuitisha vitabu vyote na kuchunguza malalamiko. Hakimu wa Lamu ana mamlaka hayo leo hii. Akivuka Mokowe asubuhi atakuwa Hindi kabla ya saa nne, na hapo aanze na daftari la adhabu na la zahanati, ayaweke sambamba tarehe kwa tarehe, awaite walioandikwa katika moja wasionekane katika jingine.